Neno Liwe la Mtoto Mwenyewe

  Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu.

Somo letu la leo ni juu ya watoto wenye usonji, na vyombo vya darasani vinavyowasaidia kujifunza na kusema. Kwanza andikeni neno hili: u-so-nji. Usonji. Chini yake andikeni neno la pili: cho-mbo. Chombo.

Neno la pili mnalijua tangu zamani. Mkulima ana jembe, nalo ni chombo cha kazi. Mwanafunzi ana kalamu, nayo ni chombo. Basi leo nisemapo chombo cha darasani, msifikiri juu ya kompyuta peke yake. Kipande cha boksi kilichobandikwa picha ni chombo vilevile, na mara nyingi ndicho cha kuanzia.

USONJI NI NINI?

Usonji ni namna ubongo wa mtu unavyokua na kufanya kazi, tofauti na ubongo wa watu wengi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943. Kati ya hao 11, watoto 8 walipata kusema, na watoto 3 hawakusema.

Watoto wenye usonji hawafanani. Mmoja atasoma vizuri na kujua hesabu kuliko wenzake, lakini hajui namna ya kuingia katika mchezo wao. Wa pili atasema maneno yale yale aliyoyasikia, kama mwangwi. Wa tatu hatasema neno hata moja. Wengi wao hutaka mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku. Wengine huumizwa na sauti ambayo sisi hatuijali: kengele ya shule, au mvua inyeshapo juu ya mabati.

Je, watu hawa ni wachache sana? Hasha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Fanyeni hesabu hiyo katika madaftari yenu. Mahali penye watu 1,000, mtapata watu 8 hivi.

Kuna jambo moja nataka akina mama walisikie vizuri. Zamani baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya walisema kuwa usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Maneno hayo yaliwaumiza wazazi wengi bure. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kilichopinga maneno hayo, akaeleza kuwa asili ya usonji imo mwilini. Leo jambo hilo halina ubishi tena. Mama hana kosa.

KUKOSA SAUTI SI KUKOSA LA KUSEMA

Sasa tumfikirie yule mtoto asiyesema. Ana kiu, lakini hawezi kuomba maji. Tumbo linamuuma, lakini hawezi kusema linamuuma. Basi hulia, hujirusha chini, au hujipiga kichwa. Watu humwita mkaidi. Wengine humfungia ndani wageni wanapokuja. Shuleni huambiwa hafundishiki.

Ninyi mnaosoma katika madarasa haya mwaweza kumwelewa mtoto huyu kuliko watu wengi. Mtu asiyejua kuandika barua si kwamba hana habari za kumpelekea ndugu yake. Habari anazo tele. Anachokosa ni njia ya kuzitoa. Tena akumbuke kuwa akimwomba jirani amwandikie, huenda jirani akaongeza maneno yake au akapunguza. Ndiyo maana mtu mzima hutembea usiku kwenda kujifunza herufi: anataka neno litoke kwake mwenyewe.

Huo ndio moyo wa somo letu. Chombo chema kwa mtoto mwenye usonji ni kile kinachotoa neno la mtoto mwenyewe. Tutatazama vyombo vitatu, na kila kimoja tutakiuliza swali hilo hilo: neno hili ni la nani?

CHOMBO CHA KWANZA: RATIBA YA PICHA

Mtoto mwenye usonji mara nyingi huelewa kwa macho upesi kuliko kwa masikio. Maneno ya mwalimu hupita kama upepo, lakini picha hukaa mahali pake ikingoja. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake wa chuo kikuu cha jimbo hilo walianza mwaka 1972 kueneza mafunzo ya jimbo zima yaliyotumia njia hii ya macho.

Ratiba ya picha hutengenezwa hivi. Chukua karatasi ya manila, uikate vipande sawasawa. Katika kila kipande chora kazi moja: kusoma, kuchora, kunawa mikono, kula uji, kucheza, kwenda nyumbani. Zipange ukutani kutoka juu kwenda chini. Kazi moja ikiisha, mtoto mwenyewe huitoa picha yake na kuitia katika boksi la kazi zilizokwisha. Kisha hutazama inayofuata.

Faida yake ni nini? Mtoto hujua sasa ni nini, na baadaye ni nini. Hofu hupungua. Siku ikiwa na mabadiliko, kwa mfano mwalimu hayupo au mvua imezuia michezo, picha hubadilishwa mapema na mtoto huonyeshwa. Saa ya mchanga yafaa pia, maana mtoto asiyejua kusoma saa huona kwa macho yake kuwa muda unakwisha.

Ratiba humsaidia mtoto kuielewa siku yake. Lakini maneno yaliyomo ni ya mwalimu. Bado mtoto hajasema lake. Kwa hiyo tuendelee na chombo cha pili.

CHOMBO CHA PILI: PICHA MKONONI

Mwaka 1985, katika jimbo la Delaware, Marekani, Bwana Andy Bondy na Bibi Lori Frost walitunga njia ya kuwafundisha watoto wadogo wenye usonji kubadilishana picha. Njia hiyo huitwa kwa kifupi PECS. Ina hatua sita. Sikilizeni vizuri hatua ya kwanza, maana siri yote imo humo.

Watu wazima wawili wanahitajiwa. Mmoja huketi mbele ya mtoto akiwa na kitu ambacho mtoto anakipenda. Tuseme ni embe. Wa pili huketi nyuma ya mtoto, naye hasemi neno. Mezani pana picha ya embe. Mtoto hunyosha mkono kulitaka embe lenyewe. Hapo yule wa nyuma huushika mkono wa mtoto taratibu, akauongoza kuiokota picha na kuiweka katika kiganja cha yule wa mbele. Mara moja, bila kukawia, yule wa mbele husema, "Embe!" na kumpa kipande cha embe.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, yule wa mbele haulizi, "Wataka nini?" Akiuliza kila mara, mtoto atazoea kungoja kuulizwa, wala hataanza mwenyewe. La pili, yule wa nyuma hupunguza msaada wake kidogo kidogo. Leo anashika mkono wote. Baadaye anagusa kiwiko tu. Mwisho haguse kitu. Mkono wa nyuma lazima uondoke.

Hatua ya pili, picha huwekwa mbali, na mtoto hufundishwa kumfuata mtu na kumpa. Hatua ya tatu, huchagua picha moja katika picha nyingi. Ya nne, hupanga picha katika ukanda kufanya sentensi: "Nataka" kisha "embe". Ya tano, hujibu aulizwapo anataka nini. Ya sita, husema habari ya vitu vilivyo mbele yake: "Naona mbuzi", "Nasikia gari". Hapo si kuomba tena. Ni kuzungumza.

Chombo hiki hakihitaji umeme. Boksi, mkasi, gundi na selotepu vyatosha kwa kuanzia. Picha zitobolewe tundu na kufungwa kwa uzi, mtoto azivae kiunoni au azitie mfukoni. Lakini kumbukeni kuwa kazi hii yahitaji saburi. Mtoto mmoja huishika hatua ya kwanza kwa siku chache, na mwingine kwa muda mrefu zaidi.

ONYO: MKONO USIOONDOKA

Nimesema mkono wa nyuma lazima uondoke. Sasa nitawaeleza yaliyotokea mahali ambapo mkono haukuondoka.

Kuna njia nyingine iliyoanza Australia katika miaka ya 1970, ikaenea Marekani tangu mwaka 1990. Katika njia hiyo msaidizi humshika mkono au kiwiko mtu asiyesema, na mtu huyo huonekana anabonyeza herufi na kuandika. Mambo ya ajabu yakatokea. Watu waliodhaniwa hawajui kitu wakaanza kuandika sentensi ndefu na mashairi. Wazazi wakalia kwa furaha.

Mwaka 1993, katika kituo kimoja cha jimbo la New York, wataalamu waliwajaribu watu 12 wenye usonji pamoja na wasaidizi wao. Walimwonyesha mtu picha moja, na msaidizi wake wakamwonyesha picha nyingine, bila mmoja kuiona ya mwenzake. Kisha wakasema, andikeni mlichokiona. Je, waliandika nini? Picha zilipotofautiana, hakuna hata mmoja aliyeandika jina la picha aliyoiona mwenyewe. Mara nyingine jina lililoandikwa lilikuwa la picha aliyoiona msaidizi. Kumbe maneno yalikuwa ya msaidizi! Wasaidizi wenyewe hawakuwa wakidanganya kwa kusudi. Mikono yao iliongoza bila wao kujua. Mwaka 1994 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitangaza kuwa njia hiyo haina ushahidi wa kisayansi.

Fikirini huzuni ya mzazi huyo. Alidhani anaongea na mwanawe, kumbe anaongea na mtu mwingine. Na mtoto mwenyewe? Alibaki bila sauti, na juu ya hayo maneno ya mtu mwingine yakawekwa kinywani mwake.

Basi mtu akija kwenu na mashine au ubao wa herufi, akasema mtoto wenu ataandika iwapo yeye atamshika mkono, au atamshikia ubao siku zote, mwulizeni: mkono wako utaondoka lini?

CHOMBO CHA TATU: MASHINE INAYOSEMA

Chombo cha tatu ni mashine inayotoa sauti. Mtoto hubonyeza picha ya maji, na mashine husema, "Naomba maji." Zamani mashine hizi zilikuwa za kazi hiyo tu, nazo zilikuwa ghali mno. Tangu mwaka 2010 vishikwambi vilipoenea, ambavyo wengine huviita tableti, kazi hiyo yaweza kufanywa na kishikwambi cha kawaida kilichotiwa programu yake. Hata simu kubwa yafaa.

Programu nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Lakini baadhi yake humruhusu mwalimu kupiga picha ya kikombe cha mtoto mwenyewe, na kurekodi sauti ya Kiswahili. Dada yake mtoto aweza kusema neno, nalo likawekwa humo. Ni vema lugha ya mashine iwe ile inayosemwa nyumbani.

Wazazi wengi huogopa. Husema, "Mtoto akipewa mashine ya kumsemea, atakuwa mvivu, hatasema kamwe." Hofu hii yaeleweka, lakini uchunguzi umeonyesha sivyo. Mwaka 2014 Bibi Connie Kasari na wenzake huko Marekani walitoa habari za watoto 61 wenye usonji, wa miaka 5 hadi 8, waliokuwa na maneno machache sana. Wote walifundishwa kwa mchezo na mazungumzo. Kundi moja liliongezewa mashine inayosema tangu mwanzo. Kundi hilo ndilo lililoendelea zaidi katika kuwasiliana kwa kuanza wenyewe bila kuulizwa. Mashine haikuziba midomo yao.

Hata hivyo, angalieni tena. Katika uchunguzi huo mashine haikuwa peke yake. Mwalimu alikuwepo, akicheza na mtoto, akibonyeza picha na kusema pamoja naye. Kishikwambi kikitupwa mkononi mwa mtoto ili atazame katuni na kunyamaza, hicho si chombo cha kusema tena. Ni kizibo tu.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Sasa andikeni mambo haya matano.

La kwanza. Usimpe mtoto maneno ya kuomba chakula tu. Mpe pia picha za "sitaki", "inauma", "nisaidie" na "nimechoka". Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" kwa picha atasema kwa meno na mateke. Tena mtoto asiyeweza kusema "inauma", mtu mbaya aweza kumdhuru bila kujulikana.

La pili. Usimnyang'anye mtoto picha zake au mashine yake kwa kumwadhibu. Mtoto anayesema kwa kinywa akikosa, hatumfungi mdomo kwa kamba. Kadhalika huyu.

La tatu. Weka picha za karatasi hata kama mashine ipo. Umeme hukatika na chaji huisha. Siku hiyo mtoto asibaki bubu.

La nne. Chombo kiende pamoja na mtoto shuleni, nyumbani na sokoni. Bibi, shangazi na ndugu zake wafundishwe maana ya picha. Neno linaloeleweka na mwalimu mmoja tu halijawa neno.

La tano. Mtoto aumizwaye na kelele apewe vifuniko vya masikio, kama vile wavaavyo wafanyakazi wa viwandani, au mahali pa kimya pa kupumzikia. Mtoto aliyejaa hofu hawezi kujifunza hata kwa chombo kizuri namna gani. Lakini avivue kelele ikiisha, apate kusikia wenzake.

HAKI YA MTOTO

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Hayo ni mambo ya Marekani." Sivyo. Njia nyingi nilizozitaja zilianzia huko, lakini watoto wenye usonji wapo kila mahali, na boksi na gundi vipo kila mahali. Nairobi, Shule ya Msingi ya City huko Ngara, na Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, zimekuwa na madarasa ya watoto hawa. Tena kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo wasema mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu ya ulemavu wake. Basi mzazi aendapo kuzungumza na mwalimu mkuu haendi kuomba sadaka. Anadai haki ya mtoto wake.

Na akienda, asiende mikono mitupu. Achukue picha tano alizozitengeneza nyumbani, amwonyeshe mwalimu: mwanangu asemapo "maji", hufanya hivi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi atashukuru kupata mahali pa kuanzia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Je, katika kijiji au mtaa wenu yupo mtoto asiyesema? Watu humwitaje? Jina hilo lamsaidia au lamdhuru?

2. Kwa nini yule anayeketi nyuma ya mtoto hatakiwi kusema neno?

3. Mzazi amenunua kishikwambi kwa ajili ya mtoto wake. Mtoto hukitazama mchana kutwa na hasumbui mtu. Mtamshauri nini mzazi huyo?

4. Mtu mmoja asema mtoto wenu huandika vizuri, lakini yeye peke yake ndiye awezaye kumshika mkono. Mtajuaje kama neno ni la mtoto?

KAZI YA NYUMBANI. Kateni vipande vitano vya boksi. Choreni maji, chakula, choo, "inauma" na "sitaki". Chini ya kila picha andikeni neno lake kwa herufi kubwa zilizo wazi. Picha isipopendeza, si neno. Yatosha kama yatambulikana. Mwenye mtoto nyumbani azitumie. Asiye naye ampelekee mwalimu wa shule ya karibu. Nanyi mtakuwa mmefanya zoezi la kuandika ambalo mtu mwingine ataweza kusema kwalo.

Juma lijalo, mungu akipenda, tutajifunza namna ya kuandika barua kwa mwalimu mkuu. Mpaka hapo, wasikilizaji, kwaherini.